Vizibo vya chupa sakafuni: kwa nini ninacheza na watoto wenye usonji

Mwanzoni mwa msimu wa mvua mama mmoja wa Katuba, mtaa wa mji wetu wa Lubumbashi, Kongo, aliniletea mwanawe wa miaka minne. Mtoto hakuwa anasema neno lolote, hakugeuka alipoitwa, na kwa muda wote wa mkutano wetu wa kwanza alipanga vizibo vya chupa za soda juu ya saruji, mstari ulionyooka kama uliopigwa kwa uzi wa fundi mwashi. Mimi nikaketi sakafuni pamoja naye. Mama alivumilia, kisha akasema: «Dokta, nimekuja kutafuta dawa, nanyi mnacheza?» (Mimi ni mwanasaikolojia, lakini hapa Lubumbashi kila anayeandika kwenye faili la mgonjwa huitwa dokta.)

Swali lake lilikuwa la haki, na jibu nililompa siku ile lilikuwa fupi mno.

Usonji, ambao wazazi wanaokuja kwetu hutuletea ukiwa umeandikwa kwa Kifaransa kwenye karatasi, si ugonjwa wenye dawa ya kuuondoa, wala si kazi ya wachawi, hata kama familia imekwisha kupita kwenye vyumba kadhaa vya maombi kabla ya kufika kwangu. Ni namna tofauti ya ubongo kukua. Daktari wa akili wa watoto Leo Kanner, alipoueleza mwaka 1943 baada ya kuwachunguza watoto 11, alisisitiza upweke wao na hamu yao ya kutaka mambo yabaki vilevile. Wasomaji wengi wa leo hudhani basi kwamba watoto hawa hawachezi. Wanacheza, tena kwa bidii. Ila mara nyingi mchezo wao hurudiarudia jambo lilelile na hauachi nafasi ya mtu wa pili.

Nafasi hiyo ndiyo ninayoitafuta. Watoto wasio na usonji, wanapofikisha takribani mwaka mmoja, huonyesha ndege kwa kidole kisha humgeukia mama yao kuhakikisha kwamba naye ameona, na kwa kuwa mama hutaja jina la ndege wakati wote wawili wanamtazama, neno na kitu hukutana. Kwa mtoto mwenye usonji, kushirikiana huku katika kutazama huchelewa, na lugha nayo huchelewa. Huwezi kuleta kushirikiana huko kwa kumshika mtoto kidevu na kumwamuru akutazame. Nimeona ikijaribiwa, na kilichopatikana ni kilio.

Kwa hiyo sikumnyang'anya yule mtoto vizibo vyake. Nilikaa pembeni yake, si mbele, nikapanga mstari wangu. Katika mkutano wa pili nikawa mtu wa kumpa kizibo kinachofuata. Katika wa tatu nilikishika mkononi nikangoja. Kungoja ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, kwa sababu mtu mzima akiona kimya cha sekunde kumi hutaka kukijaza kwa maneno. Mtoto alinyoosha mkono, hakupata, akautazama mkono wangu, kisha, kwa muda wa kupepesa jicho, akanitazama usoni. Nikampa papo hapo.

Baadaye tuliingiza kitenge. Mama alishika ncha mbili, mimi mbili, mtoto akalala katikati, tukambembeza kwa kuhesabu: moja, mbili, na tatu akaruka. Mara baada ya mara, hadi siku tuliposema moja, mbili, tukanyamaza. Alijipindapinda, akacheka, akatoa sauti: «ta». Siku hiyo mvua ilianza kupiga bati naye akaziba masikio, tukaacha hapo, kwa sababu mtoto ambaye kelele zinamuumiza hajifunzi chochote.

Je, kuna ushahidi? Upo, lakini unatutaka tusikuze mambo. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2010 uliwashirikisha watoto 152, ambao nusu ya wazazi wao walionyeshwa video za michezo yao wenyewe ili wajifunze kusoma na kuitikia ishara ndogo za mtoto. Watoto walianza kuwasiliana na wazazi wao kwa hiari zaidi, ingawa dalili za usonji kwa jumla zilipungua kidogo tu. Unaonigusa zaidi ni ule wa mwaka 2015 wa Goa, India, na Rawalpindi, Pakistani: watoto 65, mbinu ileile, lakini waliowaongoza wazazi hawakuwa mabingwa bali wahudumu wa afya waliofunzwa kazi hiyo. Kwa mji kama wetu, ambako wataalamu wa fani hii ni wachache, habari hiyo ina uzito kuliko mashine yoyote.

Kuna mambo ambayo siyagusi. Mtoto akipepea mikono kwa furaha, simzuii. Na kabla ya mchezo wowote ninaomba masikio yapimwe, kwa sababu asiyesikia naye hageuki akiitwa.

Yule mama nilimwomba dakika kumi na tano kila siku, redio ikiwa imezimwa, mchezo ukichaguliwa na mtoto. Alirudi na lalamiko: nkambo, yaani mzee wa nyumbani, aliyekuwa akisema tunampotezea mtoto wakati, sasa hataki kumwachia mtu mwingine ncha za kitenge.