Maji matatu, mafuta manne: nini cha kuongeza chini ya boneti

Asubuhi kwenye paki ya takisi pale Busia utamwona dereva amefungua boneti, kashika chupa ya maji, anamimina kwenye rejeta, anafunga, kisha anaita abiria wa Kampala. Muulize, atakujibu kwamba gari lake "linakunywa maji kidogo." Gari halinywi maji. Kama yamepungua, yametoka mahali.

Kiswahili chetu cha barabarani kinachangia tatizo. Tukishafungua boneti tunabaki na maneno mawili tu: maji na mafuta. Maji ni ya rejeta, ya waipa na ya betri. Mafuta ni ya injini, ya breki, ya stelingi na ya giaboksi. Kila kimoja kina mahali pake. Vilevile, "kuongeza" kuna maana mbili. Maji ya waipa huisha kwa kutumika, oili ya injini nayo huungua kidogo kidogo, na betri yenye vifuniko vya kufungua hupoteza maji yake polepole. Hivyo kuviongeza ni matunzo ya kawaida. Lakini kulanti (maji ya rejeta yenye dawa, ya kupoza injini), mafuta ya stelingi na ya giaboksi huzunguka ndani ya mfumo uliofungwa. Ukiongeza leo na kesho tena, unaziba pengo bila kuuliza limetoka wapi.

Kulanti inastahili maelezo marefu zaidi, hasa huku kwetu juu. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hapo maji ya kawaida huchemka kwenye nyuzijoto 96 hivi. Kabale, karibu mita 2,000, huchemka kwenye 93 hivi. Injini yenyewe hufanya kazi karibu na 90. Kwa maji matupu, basi, umebakiwa na nafasi ndogo mno kabla gari halijachemsha mlimani. Kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi huchemka juu zaidi, tena huzuia kutu ndani ya wota pampu na rejeta. Kisha tazama kifuniko cha rejeta: mara nyingi kimepigwa chapa ya 0.9 au 1.1. Hicho ni kipimo cha mgandamizo ambao kifuniko kinaushikilia ndani, na mgandamizo huo hupandisha kiwango cha kuchemka kwa nyuzijoto kama 20. Ndiyo maana raba ya kifuniko ikichakaa gari huchemsha hata kama rejeta ni nzima. Na ndiyo maana ukikifungua kikiwa moto, maji yaliyokuwa yametulia hulipuka usoni. Nakusihi, shika kwanza bomba la juu la rejeta ukitumia kitambaa na ulibinye. Likiwa bado gumu, subiri. Wala usimwage ndoo ya maji baridi kwenye injini iliyochemsha, silinda hedi inaweza kupasuka.

Rangi isikudanganye. Toyota nyingi huja na kulanti nyekundu au ya waridi, Honda ya buluu, nyingine ya kijani, lakini rangi hiyo hutiwa tu na mtengenezaji. Soma kwenye chupa inafaa gari gani, na usichanganye aina mbili. Ukikwama katikati ya msitu wa Mabira, maji safi yatakufikisha gereji. Ukifika, mwambie fundi asafishe mfumo na ajaze upya.

Maji ya betri ni yale yaliyotoneshwa (distilled) tu. Ya bomba yana chumvi, na asidi haiongezwi. Tangi la waipa lina picha ya kioo na maji yanayoruka kwenye kifuniko chake. Liangalie vizuri, maana watu wamemimina sabuni kwenye tangi la kulanti kwa kuwa vifuniko viko jirani.

Oili ya injini hupimwa gari likiwa mahali palipo sawa na injini imezimwa kwa dakika kumi hivi. Chomoa kijiti, kifute, kirudishe, chomoa tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Kwenye magari mengi madogo tofauti ya alama hizo ni kama lita moja, kwa hiyo ongeza robo robo huku ukipima. Kuzidisha nako ni kosa, kwa sababu oili hutoa povu na kusukuma sili. Oili nyeusi si lazima iwe mbovu. Ya kuogopa ni ile iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa kwenye kijiti, kwani hapo kulanti imeingia ndani, mara nyingi kwa gasketi iliyoungua.

Breki ndizo zinazonitia hofu. Niliwahi kusimama gereji moja Mbale nikamwona mtu akimimina oili ya injini kwenye tangi la breki. "Si yote ni mafuta?" akauliza. Raba zote za mfumo ule zilivimba, kuanzia masta silinda hadi kwenye magurudumu, na zikabadilishwa zote. Tangi hilo hupokea mafuta ya breki tu, ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, kama DOT 3 au DOT 4, kutoka chupa isiyokuwa wazi kwa miezi, maana hufyonza unyevu wa hewa. Hushuka polepole kadiri pedi zinavyolika. Kwa hiyo kabla ya kuongeza, tazama pedi. Yakishuka ghafla kuna uvujaji, na gari lisitoke hapo lilipo.

Ili ujue kinachovuja, tandika boksi la katoni chini ya injini usiku. Doa jeusi au la kahawia ni oili. Jekundu lenye utelezi mara nyingi ni la giaboksi au stelingi. La kijani au la waridi lenye harufu tamu ni kulanti. La manjano hafifu karibu na gurudumu ni la breki. Na ukikuta maji matupu yasiyo na rangi chini ya gari, upande wa abiria wa mbele, baada ya kuwasha kiyoyozi, hayo yaache, washa gari uende.