Presha Nzuri Si Ushahidi Kwamba Damu Haijapotea

Malalamiko yanayofika kitengo chetu cha dharura kutoka kwa ndugu wa majeruhi yanafanana: "Presha ilipimwa ikawa nzuri, iweje azidiwe ghafla?" Hakuzidiwa ghafla. Mwili ulikuwa ukifidia damu iliyopotea tangu dakika za mwanzo, na presha huchelewa kushuka.

Mtu mzima wa kilo 70 ana damu lita 5 hivi. Akipoteza hadi asilimia 15, huenda asionyeshe dalili ya maana. Ikizidi hapo, adrenalini humwagika, moyo huenda mbio, na mishipa midogo ya ngozi, utumbo na figo hujibana ili damu iliyobaki ifike kwenye moyo na ubongo. Ndipo vidole hupoa, jasho la baridi hutoka, mkojo hupungua. Bonyeza ukucha kisha uuachie: wekundu ukichukua zaidi ya sekunde 2 kurudi, shtuka. Kijana mwenye afya anaweza kupoteza karibu lita moja na nusu huku namba ya juu ya presha ikiwa palepale. Himoglobini (sehemu ya damu inayobeba oksijeni) ya kipimo cha kwanza nayo isiwatulize, kwani damu iliyobaki bado haijazimuliwa na maji ya mwilini.

Kujibana huko kwa mishipa kuna gharama. Seli zilizokosa oksijeni huvunja sukari bila hiyo oksijeni, zikapata nguvu kidogo mno na kurundika asidi ya laktiki. Mwili hutoa joto kidogo, ukapoa. Damu yenye asidi na baridi haigandi vizuri, basi jeraha huzidi kuvuja, na asidi huzidi. Kwa hiyo blanketi ni sehemu ya matibabu. Tafadhali msitushinikize "tuongeze dripu" tu: maji hayabebi oksijeni, tena huzimua viini vya kugandisha damu.

Kuhusu damu ya kuongezewa: sampuli huandikwa jina na namba ya mgonjwa pale pale kitandani. Isiyoandikwa hukataliwa, hata mgonjwa awe mahututi, kwa kuwa damu ya kundi lisilomfaa huua. Hali isiporuhusu kusubiri, hupewa kundi O.

Kabla ya kufika kwetu, kandamizeni jeraha bila kufunua kuchungulia. Kitambaa kikilowa, ongezeni kingine juu. Msimnyweshe chochote, huenda akahitaji upasuaji. Na mkumbuke saa aliyoumia: asidi ya traneksamiki, dawa inayozuia damu iliyoganda isiyeyuke, hutolewa ndani ya saa 3 za kwanza.