Mshale Usiochorwa: Tunavyodhani Kuhusu Dizaini, na Ilivyo

Dhana: Dizaini ni pambo, huongezwa kazi ikishakwisha.

Itazame nembo ya FedEx, kampuni ya kusafirisha vifurushi, aliyoiunda mbunifu Lindon Leader mwaka 1994 akiwa katika kampuni ya dizaini ya Landor. Pale E kubwa inapokutana na x ndogo, weupe uliobaki kati yao ni mshale unaoelekea kulia. Haukuchorwa; umezaliwa na maumbo ya herufi zenyewe. Wala haukuja bure. Timu ilikuwa imepitia mapendekezo yapatayo 200, na katika fonti mbili ambazo Leader alizitegemea, Univers na Futura, hapakuwa na hata moja iliyotoa mshale safi bila herufi kupindishwa. Akachukua sifa za hii na za ile, akachonga herufi zake. Walipotokea waliotaka mshale ule ukolezwe ili kila mtu auone, alikataa. Wengi wameitazama nembo hii miaka mingi bila kuuona, na bado wameitambua gari linapopita. Mimi huo uvumilivu wa kuacha kitu kizuri kikae kimya naustahi kuliko ufundi wenyewe.

Dhana: Nafasi tupu ni karatasi iliyopotea.

Kila aliyewahi kutengeneza bango la harusi amesikia: "Hapo pamebaki wazi, weka ua." Lakini asomaye shairi huvuta pumzi kati ya ukwapi na utao, yaani vipande viwili vya mshororo, na bila pumzi hiyo vina havisikiki. Jicho nalo lina pumzi yake.

Dhana: Kilichochorwa kwa dakika chache hakistahili malipo.

Mwaka 1998 benki ya Citicorp na kampuni ya bima ya Travelers zilipoungana, mbunifu Paula Scher aliichora nembo ya Citi kwenye karatasi ya kufutia mikono, kikao cha kwanza hakijamalizika. Nembo ya Travelers ilikuwa mwavuli mwekundu. Yeye akaona kwamba t ndogo ina mpini wa mwavuli, akaweka tao jekundu juu yake, basi. Mkono uliochora ulikuwa umeshafanya kazi tangu miaka ya 1970, kwenye majalada ya santuri. Analipwa kwa jicho lililoona mpini ndani ya herufi, na jicho hilo halikupatikana siku ile.

Dhana: Kazi bora hupendwa siku ya kwanza.

Nembo ya Olimpiki ya London 2012, kazi ya kampuni ya dizaini ya Wolff Olins, ilipozinduliwa Juni 2007 ilizomewa, na makumi ya maelfu ya watu wakasaini ombi iondolewe. Haikuondolewa. Umbo lake la pembe kali likabeba rangi tofauti na picha ndani yake, na likatumika kwa Olimpiki na Paralimpiki pia, jambo ambalo halikuwa limefanyika kabla. Nami sikuipenda. Sasa nairudia mara kwa mara.

Dhana: Elimu hii ni ya Ulaya, sisi tunaiga.

Hapa ndipo ninapokereka, maana ushahidi tumejifunga kiunoni. Kanga, au leso kwa watu wa Mombasa, ina pindo linaloizunguka, mji katikati, na jina, yaani msemo wake, kwenye sehemu ya chini ya mji. Mchoraji hupewa mpangilio huohuo kila mara, rangi chache na maneno machache, na humo humo atoe kitu ambacho soko halijakiona. Jina liliandikwa zamani kwa herufi za Kiarabu, baadaye za Kilatini, na mpangilio ukayabeba yote mawili. Tena lazima jina lisomeke na mtu anayekuja nyuma, mvaaji akiwa anatembea na nguo inacheza. Mabango mengi yaliyobandikwa ukutani, yametulia tuli, hayasomeki hivyo.

Kama kuna doti ya kanga nyumbani, itandaze sakafuni, urudi nyuma hatua tano. Angalia jicho lako linaanzia wapi, pindoni au mjini, na ni kitu gani kimelifikisha kwenye jina.