Kwa nini mawakili wa jamii za asili Kanada walikuwa wachache

Wengi huamini kwamba watu wa jamii za asili nchini Kanada walichelewa kuwa mawakili, majaji na watunga sera kwa sababu walitosheka na mila zao, wala mahakama hazikuwavutia. Imani hiyo inaeleweka, maana zamani mawakili wao walikuwa wachache kweli.

Lakini sheria yenyewe iliwafungia mlango. Kifungu cha 86 cha Indian Act, yaani sheria ya Kanada iliyosimamia maisha ya watu wa jamii za asili, ya mwaka 1876 kilisema mtu wa asili akipata shahada ya chuo kikuu au akiruhusiwa kufanya uwakili, papo hapo anapoteza hadhi yake ya kisheria kama mwana wa jamii hiyo. Yaani usome sheria, uache kuhesabiwa kwenu. Mwaka 1880 sharti hilo lililegezwa likawa la hiari.

Mwaka 1927 kikaja kifungu cha 141 cha sheria hiyohiyo. Kuchangisha fedha kutoka kwa watu wa asili ili kuendesha madai yao, bila kibali cha maandishi cha serikali, kukawa kosa: faini ya dola 50 hadi 200, au kifungo kisichozidi miezi miwili. Hapa ndipo panaponiuma zaidi. Anayedai ardhi yake aombe ruhusa kwa serikali ileile anayoidai! Kifungu hicho kilidumu hadi mwaka 1951.

Ukitaka kuhakiki, sheria za zamani za Kanada zinasomeka bure mtandaoni. Tafuta mwaka na namba ya kifungu, usome maneno yenyewe, kisha ulinganishe na toleo la 1951 uone kilichoondolewa.