Mto ukikauka sio lazima iwe tabianchi, waandishi mnisikie

Wiki iliyopita nilikuwa na semina ya siku 3 hapa Iringa, waandishi wengi wao wa redio za wilayani, Mbarali, Mufindi, Njombe huko, na chai ya saa 4 haijaisha kijana mmoja kashanisomea stori yake, "Mto Ruaha Mkuu wakauka kutokana na mabadiliko ya tabianchi, wanyama hatarini." Nikaweka kikombe chini. Hii sentensi nimeisahihisha mpaka kalamu nyekundu zimeniishia, kwa hiyo leo naiandika hapa moja kwa moja.

Mto huu zamani ulipita hifadhini Ruaha mwaka mzima. Umeanza kukatika kila kiangazi tangu miaka ya mwanzo ya 1990, na waliokaa wakapima mvua na maji ya mito ya bonde la Usangu, kule juu mto unakoanzia, hawakukuta mvua iliyopungua kiasi cha kukausha mto, walichokuta ni mifereji. Maji yanashuka kutoka Kipengere na Uporoto kwa mito kama Mbarali, Kimani na Chimala, na kabla hayajafika Ihefu, kile kinamasi kikubwa cha Usangu, yanakutana na mageti ya mashamba ya mpunga. Mvua zikiwepo hamna ugomvi, maji yanatosha wote. Ngoma inakuja kiangazi, mpunga umeshavunwa zamani ila geti bado liko wazi, maji yanaingia kwenye majaruba matupu, mengine yanafyatulia matofali, mengine ya bustani za mboga, mengine yanazama tu njiani kwenye udongo.

Halafu kuna kitu waandishi karibu wote hawakijui. Ihefu ni kama beseni, na mdomo wake pale Ng'iriama ni mwamba. Kina kikishuka chini ya ule mwamba basi, halitoki tone kwenda hifadhini hata kama ndani ya Ihefu maji bado yapo. Huku chini viboko wanabanana kwenye dimbwi moja, maji yanakuwa tope la kinyesi, samaki wanaelea matumbo juu, na hapo ndo mwandishi anashuka kwenye gari la watu wa mradi, anapiga picha ya kiboko, anaandika tabianchi. Kapita Chimala na Igawa na basi asubuhi ile ile, hakugeuza hata shingo kuangalia mifereji.

Kijana akaniuliza, "Sasa mwalimu, ina maana joto halijaongezeka?" Limeongezeka, nani kakataa? Miaka ya 2011 mpaka 2020 dunia ilikuwa na joto zaidi kwa nyuzi 1.1 hivi ukilinganisha na 1850 mpaka 1900, na joto likizidi maji mengi yanaondoka kama mvuke, kwa hiyo mto ambao tayari una hali mbaya unaongezewa mzigo. Andika hivyo basi, kwa mpangilio huo. Kinachonikera ni kwamba tabianchi hana namba ya simu, ukimtupia lawama hakupigii kulalamika wala bosi hakuiti ofisini, ndo maana kila mtu anampenda.

Kabla yake walilaumiwa wafugaji. Mwaka 2006 wakaondolewa Ihefu na ng'ombe wao, 2008 Pori la Akiba la Usangu likaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha, na mto ukaendelea kukatika. Na mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati ule, Frederick Sumaye, aliahidi ikifika 2010 maji yatakuwa yanatiririka mwaka mzima. Hiyo peke yake ni stori, sijawahi kuona mwanasemina wangu hata mmoja anaifuata.

Ushauri wangu ule ule wa siku zote ambao wananichekea: nenda Oktoba, anzia kwenye mfereji, kiboko utamkuta tu hana pa kwenda. Uliza kibali cha kutumia maji ni cha nani, kinaruhusu lita ngapi kwa sekunde, na nani anafunga geti usiku. Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, ndo wanaotoa hivyo vibali, ofisi zao ziko hapa hapa Iringa, nauli ya bajaji tu. Na mkulima umsikilize vizuri, usimgeuze jambazi, ule mchele tunaula wote.

Mengine nayapitia haraka haraka. Utabiri wa mvua za vuli ukitangazwa usiukimbize hewani Mbeya kama ulivyo, sisi huku tuna msimu mmoja, Novemba mpaka Aprili, na Mamlaka ya Hali ya Hewa inautolea utabiri wake. Wiki moja ya baridi kali Makete haithibitishi wala haikanushi chochote, tabianchi inasomwa kwa wastani wa miaka 30. Tundu la ozoni sio linaloleta joto, hayo ni mambo mawili, acheni kuyachanganya jamani nawaomba!

Tembo akila shamba la mtu, anacholipwa mwenye shamba kwa kanuni zetu ni kifuta jasho, akiua mtu ni kifuta machozi. Ukiandika "fidia" unawapa watu matumaini ya kulipwa thamani ya shamba zima, halafu wanakuja kugombana na afisa wanyamapori wa watu.

Na wanyamapori sio tembo na simba tu. Kipunji, kima wa msituni Rungwe na Livingstone, sayansi imemtambua rasmi 2005, juzi tu hapo, na bado nina wanafunzi kutoka Tukuyu kabisa wananiuliza kipunji ni nini.

Kupanda miti nako. Kiongozi kapanda mikaratusi pembeni ya chemchemi, wewe umeandika "atunza chanzo cha maji." Muulize bibi yeyote Mufindi mkaratusi unakunywa maji kiasi gani.