Hukumu za mipaka ya uchaguzi Marekani: tunayoambiana na yaliyotokea

"Mradi watu weusi wanaruhusiwa kupiga kura, mipaka ina shida gani?" Hii naisikia kila mara na inaniuma. Hebu chukua mji wa Tuskegee, Alabama. Ulikuwa na umbo la mraba, sasa mwaka 1957 bunge la jimbo likachora mipaka upya, mraba ukageuka kuwa lidude la pande 28, linapinda huku linakata kule, na mstari ulipofungwa wapigakura weusi karibu wote 400 wako nje ya mji, wamebaki wanne au watano, mzungu hakutoka hata mmoja! Yaani hakuna aliyehama nyumba, wamelala wakazi wa mji wameamka siyo. Mwalimu Charles Gomillion na wenzake wakaenda kortini, na 1960 majaji wote wa Mahakama ya Juu wakawa upande wao.

Wengine wanasema mahakama ikishaamua, basi yameisha. Wapi! Alabama hiyohiyo, sensa ya 2020, weusi ni kama asilimia 27, maeneobunge ya Kongresi (bunge la taifa) ni 7, na wao wana wingi kwenye moja tu, kwa sababu wengi walirundikwa humo na waliobaki wakakatwa vipandevipande. Juni 2023 Mahakama ya Juu, majaji 5 kwa 4, kwenye kesi ya Allen v. Milligan ikawapa haki. Bunge la jimbo likarudi mezani, likaleta ramani mpya, na eneobunge lenye weusi wengi likabaki lilelile moja. Ikabidi mahakama ya shirikisho iikatae na kumpa mtaalamu kazi ya kuchora. Novemba 2024 ndipo Alabama ikachagua wawakilishi wawili weusi kwa mpigo, Terri Sewell na Shomari Figures (jina ambalo watu wa pwani tunalijua vizuri).

Na msiseme Shomari kagawiwa kiti. Sheria ya Haki ya Kupiga Kura, iliyotumika kwenye kesi hiyo ya Milligan, ilivyorekebishwa 1982 ilisema wazi haitoi haki ya viti kwa idadi ya watu, tena kwenye eneo lake weusi wenye umri wa kupiga kura hawakufika nusu, kaomba kura kama wengine.

Eti lazima uthibitishe mchoraji alikuwa na nia ya kubagua? Ndivyo mahakama ilivyotaka 1980 kwenye kesi ya mji wa Mobile, Alabama, na ndiyo sababu Kongresi ikairekebisha sheria hiyo 1982, yaangaliwe matokeo.

Kinachonitia hofu mimi ni hukumu ya Mahakama ya Juu ya 2019, kwenye kesi ya Rucho, kwamba kuchora mipaka kwa faida ya chama si kazi ya mahakama za shirikisho. Sasa mchoraji anasema tu nimewalenga wa chama pinzani, sikulenga weusi, na kule Kusini hao mara nyingi ni watu walewale jamani. 2024 South Carolina ilishinda Mahakama ya Juu kwa hoja hiyo, na watu weusi kama 30,000 wa Charleston wakabaki kwenye eneobunge walikohamishiwa.