Miaka 12 haiigeuzi nyumba ya kaunti kuwa yako

Kila mtaa wa zamani wa kaunti unapotajwa kujengwa upya, ujumbe uleule huzunguka kwenye magrupu ya Mombasa: mpangaji aliyekaa miaka 12 tayari ndiye mwenye nyumba, asihame wala asilipe kodi. Si kweli.

Kanuni ya miaka 12 ipo, ila ni ya ardhi ya mtu binafsi iliyokaliwa waziwazi, mfululizo, bila ruhusa ya mwenyewe, na lazima mahakama iamue. Ardhi ya umma, kama iliyo chini ya nyumba za kaunti, sheria imeitoa humo. Tena mpangaji amekaa kwa ruhusa. Kila risiti ya kodi inakiri kwamba nyumba ina mwenyewe.

Kinachochanganya hapa kwetu ni nyumba bila ardhi, kama zile za Majengo: kuta zako, kiwanja cha mwingine. Hiyo ni habari nyingine kabisa.

Kuhakiki, peleka namba ya kiwanja ofisi ya ardhi uombe upekuzi rasmi, ambao wengi huuita sachi. Kwenye majibu yake, sehemu B hutaja mwenye ardhi, C mikopo na vizuizi. Uliambiwa kodi yako inainunua nyumba kidogokidogo? Tafuta mkataba wenye bei na amana. Risiti za kodi hazitoshi.

Anayeacha kulipa hujipa deni na notisi. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.